Mzee Katoka Salama Upasuajini. Na Ubongo Wake Je?



Hapa Westlands, upande wa Parklands, kuna hospitali mbili ambazo lafudhi ya Pwani haikosekani kwenye mabenchi yake: Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958, na Hospitali ya M. P. Shah isiyokuwa mbali nayo. Tangu treni ya kisasa ianze safari zake baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, imekuwa jambo la kawaida kumleta mzazi kutoka Malindi, Lamu au Mji wa Kale akafanyiwe upasuaji mkubwa, wa moyo au wa nyonga au wa tumbo, huku jamaa wakingoja na tasbihi mikononi. Daktari akitoka, neno linalongojewa ni moja: "Ametoka salama." Hapo simu hupigwa, sadaka hutolewa, na sufuria ya uji hutiwa jikoni.

Neno hilo ni la kheri, lakini halijakamilika. Salama ya nini? Moyo umepimwa kwa mashine, damu imepimwa, mkojo umepimwa, kidonda kimetazamwa. Ubongo, ambao ndio makao ya fahamu zake, mara nyingi hauna anayeuuliza ila mkewe au binti yake, anayekaa kando ya kitanda siku ya tatu na kunong'ona: "Huyu si yule tuliyemleta." Makala yetu ya wiki hii ni juu ya mnong'ono huo: elimu ya tiba imefika wapi katika kuuthibitisha, na sisi tufanye nini nao.

Mnong'ono wenyewe si mpya. Mwaka 1955 daktari mmoja wa Oxford, Uingereza, kwa jina P. D. Bedford, aliandika katika jarida la The Lancet juu ya wazee ambao jamaa zao walilalamika kuwa hawakurudi kama walivyokuwa tangu walipolazwa kwa nusukaputi na kupasuliwa. Alichunguza habari za wazee 1,193. Wengi wao hawakudhurika sana, lakini wachache waliharibikiwa kabisa na akili zao, na kutokana na hao akawausia madaktari wenzake wasimfanyie mzee upasuaji usiokuwa na haja ya lazima. Tazama basi: jambo ambalo leo linashughulisha maabara kubwa duniani lilianzia kwenye ushahidi wa watu wa nyumbani.

Ni nini kinachoweza kuudhuru ubongo, na hali kisu kilikuwa nyongani? Wataalamu hutaja njia kadhaa. Shinikizo la damu laweza kushuka wakati wa upasuaji, ubongo ukakosa kipimo chake cha hewa na chakula. Kipande kidogo cha damu iliyoganda chaweza kusafiri kikaziba mshipa. Na mwili mzima, kwa kujeruhiwa, huwasha moto wa uvimbe ambao mvuke wake hufika hadi kichwani. Kwa kijana, ubongo una akiba ya kustahimili. Kwa mzee, tena mwenye kisukari au shinikizo la damu, akiba hiyo imekwisha kupungua.

Na madhara mengine hayaonekani kwa macho. Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti uitwao NEUROvision, uliofanyika katika nchi tisa. Wagonjwa 1,114 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliofanyiwa upasuaji usiokuwa wa moyo, walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI baada ya upasuaji. Asilimia 7 kati yao walikutwa na kiharusi cha kimya: hakuna mdomo uliopinda wala mkono uliolegea, wala daktari aliyeshuku chochote. Baada ya mwaka mmoja, wale waliopata kiharusi hicho, asilimia 42 walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri, ilhali miongoni mwa wenzao ilikuwa asilimia 29. Basi kimya cha jeraha si dalili ya usalama wake.

Lakini si kila mgonjwa anayeweza kuingizwa katika mashine ya MRI baada ya upasuaji. Gharama ni kubwa, na mgonjwa mwenyewe huenda hawezi kulala kimya humo. Ndipo wataalamu walipojiuliza: je, jeraha la ubongo haliwezi kujifichua katika damu, kama jeraha la moyo linavyojifichua? Kwani moyo ukidhurika, humwaga katika damu protini iitwayo troponini, na daktari huijua habari kwa sindano moja ya mkononi.

Kwa wanaoijua nyumba ya Kipwani, nitatoa mfano. Ndani ya ukuta wa mawe na dari yake kuna boriti za mikoko. Hazionekani, lakini ndizo zinazobeba. Ukiona unga wa boriti umemwagika sakafuni, unajua kuna kitu kimeharibika juu, hata kama chokaa bado ni nyeupe. Seli za fahamu nazo zina mikia mirefu inayopeleka habari, na ndani ya mikia hiyo kuna nyuzi za protini zinazoishikilia isikatike, ziitwazo nurofilamenti. Mkia ukijeruhiwa, sehemu nyepesi ya nyuzi hizo huvuja, ikaingia katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, na kiasi kidogo mno kikapenya hadi kwenye damu. Kuna na protini nyingine iitwayo tau, inayotoka ndani ya seli hizo hizo, na nyingine iitwayo GFAP, inayotoka katika seli saidizi zinazozihudumia seli za fahamu.

Kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo hata vipimo vya zamani havikuweza kukiona, na ilibidi maji yatolewe mgongoni kwa sindano. Katika miaka ya karibuni vimepatikana vipimo vyenye uwezo wa kuhesabu chembe za protini karibu moja moja, na mlango ukafunguka. Mwaka 2018 watafiti wa Melbourne, Australia, pamoja na wenzao wa Sweden, waliwapima wagonjwa 30 kabla na baada ya nusukaputi na upasuaji. Saa 48 baadaye, nurofilamenti katika damu ilikuwa imepanda kwa asilimia 67, na tau nayo ilipanda katika saa za mwanzo. Tafiti zilizofuata ziliona kwamba wagonjwa wanaochafukiwa na akili baada ya upasuaji huelekea kuwa na nurofilamenti nyingi zaidi kuliko wasiochafukiwa. Mnong'ono wa binti kando ya kitanda ukapata shahidi wa pili.

Mwaka huo huo wa 2018, Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii kwa watu wazima waliogongwa kichwa, kinachopima GFAP pamoja na protini nyingine iitwayo UCH-L1, ili daktari aamue kama kuna haja ya picha ya CT. Nchi za Skandinavia zilikuwa zimekwisha kuingiza kipimo cha protini nyingine, S100B, katika mwongozo wao wa mwaka 2013 kwa kazi kama hiyo. Lakini hivyo ni vya ajali ya kichwa. Kwa mgonjwa aliyetoka upasuajini, vipimo hivi bado viko mikononi mwa watafiti, na havijawa kazi ya kila siku wodini. Ndugu msomaji, akikujia mtu na kipimo cha damu akidai kitakuambia kwa yakini kama mzazi wako ameharibikiwa na ubongo kwa sababu ya upasuaji, zuia mkoba wako kwanza, kisha muulize daktari wake.

Sababu ya tahadhari hiyo yafaa ifahamike. Shahidi lazima achunguzwe uadilifu wake kabla ya neno lake kupokewa, na protini nazo ni hivyo hivyo. Miaka ya tisini, S100B ilipopimwa kwa waliopasuliwa moyo, ilionekana iko juu mno, na watu wakaingiwa na hofu kwamba akili nyingi zinaharibika. Baadaye ikabainika kuwa sehemu kubwa ya protini hiyo haikutoka kichwani hata kidogo. Ilitoka katika mafuta na mifupa ya kifua kilichopasuliwa, ikaingia katika damu iliyokusanywa kwenye kidonda na kurudishwa mwilini. Shahidi alikuwa mkweli, ila alitoka mtaa mwingine. Nurofilamenti nayo ina mambo yake: hupanda kwa umri, hupanda figo zikiwa dhaifu, na hutoka pia katika neva za mikono na miguu, si ubongoni peke yake.

Kwa hiyo wataalamu wanasisitiza jambo moja, nalo ndilo ninalotaka kila nyumba ilishike: hesabu ya baada ya upasuaji haina maana bila ya hesabu ya kabla. Mtu hulinganishwa na nafsi yake ya jana. Maabara inalihitaji hilo, na wodi inalihitaji zaidi. Muuguzi wa zamu ya usiku hamjui babako. Akimwona amelala kimya mchana kutwa, atadhani ni mpole. Wewe unajua kwamba mtu huyu hakosi taarifa ya habari ya redio, na huwauliza wajukuu wote kwa majina yao. Hesabu ya kabla unayo wewe, na hakuna mashine ya Parklands wala ya Melbourne inayoweza kuileta badala yako.

Basi ifanyeni kazi. Kabla ya siku ya upasuaji, mwambieni daktari wa nusukaputi hali ya mzee ilivyo: husahau au hasahau, amewahi kuchafukiwa na akili alipougua zamani, anatumia dawa gani, na zaidi dawa za usingizi. Msifiche habari ya tumbaku, ugoro wala miraa kwa kuona haya. Kitu alichozoea mwili kikikatwa ghafla, akili huweza kuvurugika, na daktari asiyejua atatafuta sababu mahali pengine. Chukueni miwani yake, kifaa chake cha kusikilizia na meno yake ya bandia. Vitu hivi hufungiwa kabatini visipotee, na mzee akazinduka katika dunia asiyoiona wala kuisikia.

Baada ya upasuaji, tazameni mambo haya. Je, anaijua siku, pahali alipo, na watu waliomzunguka? Je, anaweza kufuata mazungumzo, au anapotea katikati ya sentensi? Je, hali yake inabadilika, asubuhi mzima na magharibi anazungumza na watu wasiokuwapo? Je, amekuwa mkali bila ya tabia yake, au kinyume chake, amezama katika usingizi na unyamavu? Huu wa pili ndio unaopita bila ya kuonwa, kwa kuwa mgonjwa mnyamavu hamsumbui mtu. Mkiona mabadiliko ya ghafla, mwambieni muuguzi saa hiyo hiyo kwa maneno yaliyo wazi: "Huyu hakuwa hivi jana." Mkiona mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, au ulimi umekuwa mzito, hiyo ni dharura ya kiharusi na kila dakika ina thamani. Msingoje daktari apite asubuhi.

Na msidhani kwamba hakuna linalofanyika. Kuchafukiwa na akili baada ya upasuaji mara nyingi kuna sababu inayotibika: homa ya maambukizi, mkojo uliozuilika, maumivu yasiyotulizwa, upungufu wa maji au wa hewa mwilini, au dawa isiyomfaa. Mwaka 1999, katika hospitali ya Yale huko Marekani, watafiti waliwafuata wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi waliolazwa kwa maradhi mbalimbali. Kundi moja walikumbushwa siku na pahali, wakasaidiwa kulala bila dawa, wakainuliwa kitandani mapema, wakavishwa miwani na vifaa vyao vya kusikilizia, na wakanyweshwa maji. Katika kundi hilo waliochafukiwa na akili walikuwa asilimia 9.9, na katika kundi jingine asilimia 15. Hayakuwa mambo ya teknolojia. Ni mambo ambayo mama zetu huyafanya kwa mapenzi, ila sasa tunajua kuwa ni sehemu ya tiba.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 25 za Afrika, ukatangazwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa wagonjwa wetu wa upasuaji, ingawa ni vijana zaidi, hufariki kwa kiwango kilicho mara mbili ya wastani wa dunia. Na wengi sana katika waliofariki hawakufia mezani. Walifariki siku zilizofuata, wodini, mahali ambapo waangalizi ni wachache na dalili za mwanzo hupita. Jamaa mwenye macho kando ya kitanda ni ulinzi, naye asiondolewe kwa kudharauliwa.

Sasa nina maneno mawili yanayohusu nyumba zetu hasa. La kwanza: mzee akiweweseka siku ya pili ya upasuaji, akamwona marehemu mamake mlangoni au akataka kuchomoa mipira ya dawa, wapo watakaosema haraka kwamba amepandwa na jini au amehasidiwa. Hatukanushi mambo ya ghaibu, na dua na ruqya ni kheri kwa kila mgonjwa. Lakini msitangulize dhana mbele ya sababu iliyo wazi. Someni Kur'ani kwa sauti ya chini kando yake, huku daktari akitafuta homa na mkojo. Kumtoa hospitalini usiku kumpeleka kwa mganga, na kidonda hakijashika, ni kumtia katika hatari. Wala msimwaibishe baadaye kwa maneno aliyoyatamka. Hakuwa yeye.

La pili ni zito zaidi. Mtu katika hali hii huweza kutamka talaka, kugawa shamba, au kutia kidole kwenye hati anayoletewa. Fiqhi yetu imesimama juu ya kuinuliwa kalamu kwa aliyepotewa na akili. Talaka ya asiyekuwa na akili haipiti, wala hiba yake, wala wasia wake. Mama uliyetamkiwa neno hilo kitandani Parklands, usifunge mizigo yako. Mpelekee habari kadhi au mwanachuoni unayemwamini, na uhifadhi shahada ya walioiona hali yake pamoja na maandishi ya daktari ya siku hiyo. Ama ndugu anayemletea mgonjwa karatasi na kalamu saa ya kuweweseka, na amche Mwenyezi Mungu: anachokichuma ni mali ya mayatima na wajane.

Lakini mizani ina sahani mbili. Hali hii huja na kuondoka, na mtu aweza kuwa na akili timamu asubuhi na kuipoteza jioni. Asije mrithi asiyeridhika akadai kwamba kila alilosema marehemu baada ya upasuaji lilikuwa maweweseko. Wala siku vipimo hivi vya protini vitakapozoeleka, asije mtu mbele ya kadhi na karatasi ya maabara akasema: "Nurofilamenti ilikuwa juu, basi wasia umebatilika." Protini hutoa habari ya jeraha la seli, haitoi habari ya akili. Mwenye jeraha huenda akili yake ni timamu, na mwenye kuweweseka huenda damu yake haionyeshi kitu. Akili hujulikana kwa maneno na vitendo vya mtu, kwa ushahidi wa walio waadilifu. Njia iliyo salama kuliko zote ni kuandika wasia, madeni na amana kabla ya siku ya upasuaji, mbele ya mashahidi, mgonjwa akiwa na nguvu na hiari yake.

Kuhusu swala, aliyepotewa na akili hana lawama kwa kipindi hicho. Akizindukana ataswali kwa kadiri awezavyo, akiwa amekaa au amelala, na habari ya kulipa aliyoyakosa aulizwe mwanachuoni kwa mujibu wa madhehebu yake. Msimlazimishe mtu asiyejua yuko wapi kusimama kwa rakaa nne.

Wengi katika hawa, kwa rehema za Mola, hurejea katika hali zao baada ya siku au wiki chache. Wengine huchukua miezi, na wachache hubaki na upungufu. Kwa hiyo uangalizi usiishie kwenye mlango wa hospitali. Mzee akisharudi Mombasa, baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu, jiulizeni tena: anahesabu fedha zake kama zamani? Anaijua njia ya msikitini? Anakumbuka dawa zake? Mkiona upungufu, rudini kwa daktari na mumweleze tarehe ya upasuaji. Msiseme "ni uzee tu" kwa jambo lililoanza wiki moja mahsusi.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu walioko Parklands na kwengineko, awape madaktari na wauguzi busara na subira, na awalipe kheri akina mama wanaokesha kwenye viti vya wodini. Wallahu a'lam.